Ng'ombe wa Herman

Siku ya kesi nilivaa kitenge changu cha ubarikio wa mwanangu Abel, nikajipaka mafuta mpaka viwiko vikang'aa. Kama ni kushinda, nilitaka nishinde nimependeza. Na kama ni kushindwa, basi Herman asipate raha ya kuniona nimenyauka. Mama alinitazama kutoka kichwani hadi miguuni, akauliza, "Zipora, tunakwenda mahakamani au tunakwenda kucheza ngoma?" Moyo ulikuwa unanidunda tangu alfajiri, na mimi moyo ukinidunda hata chai haipiti.

Kaka yangu Mabula aligongwa na lori la Herman pale Tinde. Hakuwa hata juu ya lami. Alikuwa pembeni kabisa, anasukuma baiskeli yenye gunia la mpunga, na lori lenye mzigo wa mawe lilikuwa linawahi Segese. Dereva akataka kulipita basi, akaona haliwezekani, akaingia kwa kaka yangu. Hospitali walimkata mguu wa kulia juu ya goti. Dereva alikiri kosa lake mapema na hilo likaisha. Bima ya lori ilikuwa imeisha muda wake, kwa hiyo wa kulipa fidia alikuwa Herman mwenyewe, tajiri wa malori. Na Herman alikuwa anasema ameshalipa.

Amelipa nini? Ng'ombe!

Nikifika hapo huwa nahitaji kukaa chini. Ni kweli, Mabula akiwa bado kalazwa, Herman alikuja nyumbani kwetu na dume kubwa jekundu, mchele na kreti za soda. Akasema pole. Tukampokea. Sisi ni Wasukuma, mtu akija kwako na pole huwezi kumfungia mlango, hata kama yeye ndiye aliyekuliza. Tulichinja, tukapika, watu wakala, akaondoka. Basi tulipofungua shauri la madai, wakili wake, mzee mmoja mwenye sauti nzito anaitwa Eustace, akaja na hoja kwamba kwa mila za Kisukuma lile dume lilikuwa faini, ukoo umeipokea, umeila, na mambo yamekwisha. Hakimu akasema tuanze na hilo kwanza. Kama kweli ng'ombe alimaliza ugomvi, shauri linafutwa siku hiyo hiyo na kila mtu anarudi kwake.

Kwa hiyo hicho ndicho kilichokuwa kinaamuliwa: kaka yangu mkulima, mwenye watoto wanaosoma, apate mguu wa bandia na mtaji wa kuanzia kitu cha kufanya akiwa amekaa, au apate mavi ya ng'ombe aliyekwisha kuliwa.

Mabula mwenyewe hakuwa na habari. Hilo ndilo lililokuwa linanichosha kuliko Herman. Mimi ndiye niliyemtafuta wakili, mimi niliyempakia kaka yangu kwenye bajaji na magongo yake kumpeleka kusaini. Yeye kila kitu alijibu, "Fanyeni mnavyotaka." Nilimpigia kelele mara nyingi. Mguu ni wako au ni wangu? Ananitazama tu, kisha anageukia upande mwingine. Mama alisema ni maumivu, nimwache.

Basi tukaingia mahakamani. Wakili wetu, Nelly, binti mdogo aliyezaliwa Mbeya, alikaa mbele na Mabula. Mimi na mama tukapata nafasi benchi la nyuma yao. Kabla hata mambo hayajaanza, karani alishanionya kwa sababu nilimsonya Herman alipopita. Alikuwa kavaa suti ya kijivu, viatu vinang'aa kuliko viwiko vyangu.

Herman akapanda kizimba cha mashahidi, akaapa, na wakili wake akamwachia aseme. Na alisema! Mtu yule anapenda kujisikia. Alieleza dume alivyolinunua mnadani, lilivyokuwa halipandi gari mpaka wakalisukuma, ukoo ulivyomshangilia. Shingo ilikuwa inaniwasha kwa hasira. Mama akanifinya paja.

"Walikupokea vipi?" Eustace akamuuliza.

"Kwa heshima kubwa, mheshimiwa. Nilikalishwa na wazee kwenye viti. Walinichomea ini, nikala nao, tukanywa soda, tukacheka. Hakukuwa na kinyongo chochote. Ndiyo maana nilishangaa kuona nimeshtakiwa."

Mabula alikuwa kainamisha kichwa tangu asubuhi. Aliposikia hayo alikiinua. Akageuka nyuma kabisa, mpaka gongo lake likaanguka sakafuni, puu, hakimu akatutazama. Kaka yangu hakujali. Alinikodolea macho akauliza kwa Kisukuma, kwa sauti ya chini, "Alikula?"

Nikashangaa. Swali gani hilo? Nikaitikia kwa kichwa, ndiyo, alikula, na ini lenyewe alilimaliza.

"Alikula yeye mwenyewe? Mbele ya wazee?"

"Ndiyo, Mabula!"

Karani akaninyooshea kidole. Lakini hapo mimi nami nilikuwa nimeelewa, na mwili mzima ukanisisimka kutoka unyayoni. Kijijini kwetu mtu aliyetozwa faini haonji nyama ya faini yake. Analeta ng'ombe, anakaa pembeni, anawatazama wenzake wanakula mpaka mfupa wa mwisho, na hiyo ndiyo adhabu yenyewe. Aliyekuja kutoa pole ndiye anayekaribishwa, na ini ni la mgeni. Jambo hili kila mtoto wa kwetu analijua, na kwa kuwa kila mtu analijua, hakuna aliyewahi kulisema. Nelly alituuliza kama tulipokea ng'ombe, tukasema ndiyo. Alituuliza kama tulimla, tukasema ndiyo. Nani angefikiria kumwambia wakili kile alichokula mgeni?

Nilitaka kuruka juu ya benchi. Nilitaka kupiga kelele mpaka ndege za uwanja wa Ibadakuli zisikie. Mama akanishika kitenge kwa mikono miwili. Lakini Mabula, yule yule wa fanyeni mnavyotaka, alikuwa ameshavuta mkono wa joho la Nelly, anamnong'oneza sikioni, haraka haraka, mkono unakata hewa. Sikuwa nimemwona akiongea hivyo tangu ajali. Nelly alimsikiliza, akamuuliza kitu, akamsikiliza tena. Kisha akasimama akafunga kifungo cha joho, na mimi nikajua leo kuna mtu atalia.

"Ndugu Herman," akaanza kwa upole, "hilo ini lilikuwa tamu?"

Watu wakacheka. Herman naye akacheka. "Lilikuwa tamu sana."

"Na nyama nyingine ulikula?"

"Nilikula, mheshimiwa wakili. Hata nyingine nilifungiwa nikaondoka nayo." Alisema hivyo akimtazama hakimu, anaona anajenga nyumba yake vizuri kabisa.

"Asante. Sina swali lingine."

Eustace aliinua nyusi, akaona amepona. Akamwita shahidi wake wa pili, na huyo alikuwa mjomba wetu, Mzee Maganga. Ndiyo, mjomba wetu sisi wenyewe. Walikuwa wamemwita aje aseme kama mkuu wa ukoo kwamba ng'ombe alipokelewa, na mjomba alikuja kwa sababu ni kweli alipokelewa na yeye hasemi uongo hata kwa mtu anayemdai. Nilikuwa sijamsalimia wiki nzima kwa hilo. Alieleza yote kwa kituo: dume lilikuja, tulilipokea, tulilichinja. Eustace akakaa akiwa ameridhika.

Nelly akasimama tena. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti yangu."

"Mzee Maganga, kwenu mtu akitozwa ng'ombe kwa kosa, na huyo ng'ombe akachinjwa, yeye mwenyewe anakula?"

Mjomba alimtazama kana kwamba ameulizwa kama jua huchomoza usiku. "Ale vipi? Hali."

"Hata kidogo?"

"Hata mchuzi. Akila, huyo hajatozwa."

"Na ini anapewa nani?"

"Mgeni."

"Siku ile mlimpa nani?"

Nilimwona Mzee Maganga anaifikia maana, polepole, hatua kwa hatua, kama mzee anavyoshuka ngazi. Akamgeukia Herman. Akamgeukia Mabula. Halafu akasema kwa sauti iliyojaa chumba kizima, "Nilimpa Herman. Nilimkatia kwa mkono wangu huu. Alikuja kutupa pole, nikamkaribisha kama mgeni. Ningekuwa namtoza, asingeonja!"

Hapo mama yangu, Bernadina, mzee wa kanisa, mama anayenifinya mimi nikikohoa, akapiga kigelegele mahakamani. Kirefu! Chumba kikalipuka. Hakimu akagonga meza, karani akaja anahema, na kwa kuwa nilikuwa nimeshaonywa, mimi ndiye niliyetolewa nje. Sikubisha. Nilitoka nikicheka na machozi yananitoka, nikakiacha kigelegele cha mama kinisingizie.

Nilisikiliza dirishani, na walinzi wakasikiliza nami. Eustace alisema sana, sauti nzito ikazidi kuwa nzito. Hakimu alikwenda kuandika, tukangoja, nikatembea uwanja ule mpaka nikaumaliza. Aliporudi alisoma kwa kirefu, lakini lililonihusu lilikuwa fupi: ng'ombe aliletwa kwa ajili ya pole na si kwa ajili ya kumaliza madai, mdaiwa mwenyewe kakiri alikula kama mgeni, hapakuwa na suluhu yoyote. Hoja imetupwa. Na kwa kuwa kosa la dereva halibishaniwi, kilichobaki ni mahakama kupima fidia ya Mabula.

Nikapiga kigelegele changu sasa, huko huko nje, ambako hakuna wa kunitoa. Nilimkumbatia Nelly mpaka joho likapinda. Nilimpigia mjomba magoti nikamwomba radhi kwa wiki yangu ya kununa, akasema hakuwa ameona tofauti. Herman alipita na suti yake bila kutazama upande wetu, na kwa furaha niliyokuwa nayo nilimwambia karibu tena nyumbani.

Kisha nikamkosa Mabula. Alikuwa kwenye benchi la barazani, magongo yamelala miguuni, anajifuta uso kwa kiganja. Mama alikuwa amesimama mbele yake. Nilikwenda mbio nikidhani analia kwa furaha.

"Mayu," alikuwa anamwambia, na hilo ndilo neno tunalomwitia mama kwa Kisukuma, "mbona hamkuniambia kwamba alikula?"

"Tukuambie nini, mwanangu? Mgeni kula nayo ni habari?"

"Niliporudi kutoka hospitali nilikuta ngozi imewambwa uani. Nikauliza, mkasema ni ng'ombe wa Herman, tumemla. Mkaishia hapo." Alikuwa anaongea taratibu, anatafuta kila neno. "Nikajua mmemtoza. Nikajua nilipokuwa nimelala kule, ukoo wangu umekaa ukakubaliana bei, mkala mguu wangu."

Mama alikaa chini pale pale sakafuni, na kanga yake nzuri.

"Mabula," mama akasema, "na ukaishi na sisi mwaka wote huu ukiamini hivyo?"

"Ningekwenda wapi, mayu?"