Kivuli Kilichosahauliwa Siku Ndefu

Asubuhi ya Siku Ndefu, kabla hajakanda unga, Suyun alichukua birika akaenda kumimina maji kwenye jiwe. Jiwe hilo limelazwa katika ua wa ukoo wa Kou, kutoka kusini kwenda kaskazini, refu kama vitanda viwili, na pembeni limechongwa mfereji mwembamba unaolizunguka. Ukimimina maji yakasimama sawa pande zote, unajua jiwe halijazama. Mwaka ule yalisimama sawa. Suyun alimwambia mumewe, Dehai, naye akaitikia kwa kichwa, akaendelea kupangusa nguzo.

Nguzo imesimama mwisho wa kusini wa jiwe, urefu wake shibiri nane. Kazi yake ni moja tu, kutoa kivuli saa ya adhuhuri. Wakati wa baridi kivuli hicho hunyooka mpaka karibu na mwisho wa jiwe. Jua likianza kupanda kinarudi nyuma, leo kidogo, kesho kidogo, mpaka Siku Ndefu kinapobaki shibiri moja na nusu. Hapo pana mstari. Kivuli kikiugusa, Dehai husema, "Limefika," na tangu saa ile jua linaanza kushuka na ubaridi unazaliwa chini ya ardhi, hata kama jasho linakutiririka. Kalenda za ukutani nazo huandika saa na dakika zake. Lakini kijijini Kouzhai hakuna anayekula tambi za ngano mpya kabla Dehai hajasema.

Na kila Siku Ndefu, kwa muda wa kumaliza bakuli moja, kivuli cha Maihua, binti wa Suyun, nacho huja kwenye jiwe.

Kilibaki pale kwa kosa. Miaka ishirini nyuma sheria ilikuwa nyumba moja mtoto mmoja, na kila nyumba ilimtaka wa kiume, na Suyun akajifungua msichana siku sita kabla ya Siku Ndefu. Mama mkwe wake hakusema neno baya. Siku zote sita alimchemshia Suyun mayai na kumwosha mtoto. Siku ya saba, ukoo wote ulipokuwa umeliinamia jiwe na Suyun amelala ndani, alimfunga mtoto kitambaa akapita naye uani, nyuma ya migongo ya watu, ampeleke kwa mwanamke aliyekuwa anangoja barabarani na baiskeli. Aliichagua saa hiyo kwa sababu ni saa ambayo hakuna jicho lisilo na kazi. Njiani fundo la kitambaa likalegea. Akamweka mtoto chini, ukingoni mwa jiwe, akalikaza, akamnyanyua haraka, akaenda.

Hakuangalia chini. Adhuhuri ya Siku Ndefu kivuli cha mtoto mchanga kimejificha chote chini yake, na mtu mwenye haraka hawezi kukumbuka kukichukua. Dehai aliposema, "Limefika," kulikuwa na kivuli kidogo kama mkate kimelala kando ya mstari, kinachezesha miguu. Watu walikiona. Mama Niu, jirani, alisema mtoto ana miguu mirefu, atakuwa na mwendo. Kisha wakaenda kula.

Tangu hapo kinakuja kila mwaka, na kila mwaka kinakua. Kikaketi, kikasimama. Suyun hukipima. Mtu akisimama kwenye jua la adhuhuri siku hiyo kivuli chake ni kifupi na kimebanwa kama mtu anayeangaliwa kutoka juu ya paa, lakini ukizidisha mara tano na ushee unapata kimo chake. Mambo mengine huyaona kwa kipande cha shaba. Kipande hicho ni cha kazi, kina tundu la sindano katikati. Kivuli cha kawaida kina ukungu pembeni. Ukishikilia ile shaba juu yake, mwanga ukapita tunduni, kila kitu kinatokea jiweni kidogo na kikali. Hivyo ndivyo Suyun alivyojua kwamba Maihua akiwa na miaka saba alikuwa na mkoba wa shule. Akiwa na kumi na mmoja mkoba haukuwepo tena, mgongoni kulikuwa na kapu. Mwaka wa kumi na nne alikuja amekatwa nywele, na Suyun alikaa siku tatu akijiuliza kama ni chawa, ama ni homa, ama waliziuza.

Tabu moja tu iliwapata wenye ukoo. Kivuli cha Maihua kilipokuwa kikubwa kilianza kuangukia mstari, na Dehai akashindwa kuusoma. Mwaka wa kwanza walitandika mkeka, kikalala juu ya mkeka. Ndipo Babu wa Tatu, mkuu wa ukoo, akasema hakuna haja ya kusumbuana, akainama akakiambia, "Binti, sogea kidogo." Kikasogea. Tangu hapo kila mwaka hukiambia hivyo, nacho hutii. Watu husema ni kivuli chenye adabu.

Wakati fulani mchuuzi wa visu alipita Kouzhai akasimulia kwamba huko kusini, mji mmoja wenye mto, aliona msichana anauza mikate ya mvuke sokoni, na adhuhuri chini ya miguu yake hamna kitu. Suyun alimuuliza ni mji gani. Mchuuzi alisema miji yenye mto aliyopita ni mingi. Suyun alipanda basi akaenda kusini, akarudi siku ya tisa, miguu imevimba. Mama mkwe alimpa maji ya moto aikande.

Sasa mwaka huu ninaousimulia ulikuwa mwaka wa kitabu. Kitabu cha ukoo hufunguliwa mara moja kila miaka thelathini, Siku Ndefu, alfajiri, na hufungwa Dehai akishasema. Aliyemo humo, awe hai au amekufa, kila mwaka huwekewa tambi na vijiti vya ubani, na anajua nyumba ya kurudi. Asiyemo, akifa huko alipo, hana mlango wa kugonga. Suyun alikuwa na miaka arobaini na mitatu. Alijua kwamba miaka thelathini mingine huenda asiione. Alikuwa amelitunza jina la Maihua tangu zile siku saba, jina alilompa mwenyewe kwa sababu nje watu walikuwa wanavuna ngano, na hakuna mtu mwingine aliyewahi kulitamka kwa sauti.

Babu wa Tatu aliweka meza kivulini tangu kulipopambazuka, kitabu mbele yake, brashi mkononi. Watu walipita mmoja mmoja na watoto wao wa kiume na wake zao wapya. Mama Niu naye alisogea kuchungulia, akauliza kama yeye ameandikwa. Babu akamwonyesha: Niu, mke wa Kou Defu.

"Miaka thelathini na tano nawapikia," Mama Niu akasema, "jina langu hulijui?"

"Nalijua. Halina nafasi."

"Brashi ndiyo nene, Babu. Nafasi ipo."

Watu wakacheka, hata Babu. Kisha Suyun akaja. Alikuwa ameacha unga umekandwa, amenawa mikono mpaka viwikoni. Alisema anaomba aandikwe Maihua.

"Maihua ndiye nani?"

"Unamjua. Kila mwaka unamwambia asogee."

Babu wa Tatu aliilaza brashi. Hakukasirika. Alimweleza kwa upole, kama mtu anayeeleza bei ya mbolea, kwamba mtoto wa kike huandikwa kwa mumewe, na kwamba yeye hakuutunga utaratibu huo, aliukuta. Alisema pia kwamba kivuli kimekuja miaka ishirini na hakuna aliyekifukuza, na kwamba koo nyingine zisingevumilia. Suyun alimgeukia Dehai. Dehai alikuwa anaangalia nguzo, ingawa saa ya nguzo ilikuwa bado.

Chini ya jina la Dehai, kitabuni, Babu alikuwa amekwisha kuchora duara dogo. Maana yake tawi limeishia hapo. Baada ya Maihua, Suyun hakushika mimba tena, ya kike wala ya kiume. Mama mkwe, ambaye macho yake yalikuwa yamefungwa na utando mweupe, mwaka wa nne huo, alimwomba mtu amwongoze kidole mpaka kwenye lile duara, akaligusa, wino ukamshika kidoleni.

Saa za mikononi zilipofika saa sita na nusu, jiwe lilikuwa linakaribia adhuhuri. Watu wakalizunguka. Maihua alikuja. Babu wa Tatu akamwambia asogee, akasogea, lakini mwaka huu hakusogea wepesi kama siku zote.

"Amenenepa mgongo," Mama Niu akasema.

Suyun alipiga magoti, akashika kipande cha shaba. Picha ikatulia jiweni, ndogo na kali. Mgongoni kulikuwa na furushi, na ubavuni mwa furushi ulitokeza mguu wenye vidole vitano. Furushi likapinduka likatazama upande. Suyun aliangalia kwa muda.

"Ana mtoto," akasema.

Neno hilo lilizunguka ua mzima kwa sauti ya chini. Kivuli cha mtoto aliyebebwa hakiwezi kukaa mbali na cha mama yake, kila mtu alilielewa hilo. Babu wa Tatu aliinua brashi tena. Alisema kama mtoto ni wa kiume, basi jambo hili ni jepesi: tawi lisilo na mtu linaruhusiwa kupewa mtu, utaratibu huo upo, na duara linageuzwa kuwa herufi. Mama mkwe aliuliza kwa sauti iliyokauka kama ni wa kiume. Watoto wetu huvaa suruali zilizopasuliwa chini, si kazi kubwa kujua, ukiwa na ile shaba na jua lile.

Wote walimwangalia Suyun.

"Mwandike mama yake kwanza," Suyun akasema. "Kisha nitakwambia nilichoona."

"Mke wa Dehai, kivuli kinafika."

"Kinafika kwetu sote."

"Nimekueleza. Humu kitabuni hana mstari wa kusimama."

"Huyo wa mgongoni amesimama wapi, kama si mgongoni kwake?"

Babu wa Tatu alitazama ncha ya brashi, ambayo ilikuwa imeanza kukauka. Dehai alifungua mdomo, na Suyun akamsubiri. Alimsubiri kama alivyokuwa amemsubiri miaka ishirini, bila kumhimiza. Dehai akaufunga.

Ndipo mama mkwe alipoinama, akapapasa, akaitwaa shaba kutoka mkononi mwa Suyun. Aliishika juu ya jiwe, mbali kidogo na kivuli, mahali palipokuwa na jua tupu.

"Wa kiume," akasema. "Nimemwona kwa macho yangu."

Utando machoni mwake ulikuwa mweupe kama wali. Hakuna aliyeutaja. Babu wa Tatu alimuuliza kama ana uhakika, akasema anao.

"Limefika," Dehai akasema, na ni kweli, lilikuwa limefika.

Babu wa Tatu akaandika upesi jina alilolichagua mwenyewe: Kou Jizu, wa tawi la Kou Dehai. Mahali pa mama akapitisha brashi bila kugusa karatasi. Akapuliza wino, akafunga kitabu, akakifunga kwa utepe mwekundu. Tambi zikaletwa, baridi, na kitunguu saumu, ufuta na siki, na bakuli dogo likawekwa kwenye meza ya wahenga kwa ajili ya Jizu. Mama mkwe alikula bakuli mbili, jambo ambalo hakulifanya tangu majira ya baridi. Suyun alibaki amepiga magoti mpaka kivuli kilipoondoka. Alikipima. Maihua alikuwa hajaongezeka kimo. Umri wa kukua ulikuwa umepita.

Mwaka uliofuata furushi lilikuja bado liko mgongoni, limezidi uzito.

Mwaka wa pili baada ya kitabu walikuja wawili, kivuli kikubwa kimeshika mkono wa kidogo. Hakikuhitajika hata kipande cha shaba. Kile kidogo kilikuwa na sketi, na kichwani vishungi viwili vimetokeza kama masikio ya mbuzi.

Babu wa Tatu alitazama, akawaambia wote wawili wasogee, wakasogea. Baadaye, walipokuwa wanakula, alisema jina lililomo kitabuni halifutwi, kufuta ni mkosi, na kitabu chenyewe kitafunguliwa baada ya miaka ishirini na minane. Watu wakakubali kwamba ni kweli. Mama Niu pekee alisema kwamba Jizu ana nywele nzuri.

Mama mkwe aliongozwa mpaka kwenye jiwe na bakuli dogo mikononi. Aliita, "Jizu! Jizu, njoo kwa bibi, mwanamume wangu." Aliita mara nyingi, kwa mapenzi. Kile kivuli kidogo hakikugeuka, kwa kuwa si jina lake. Kivuli kikubwa kiliinama, kikakiweka vizuri kishungi cha kushoto kilichokuwa kinalegea, bila haraka. Suyun alikuwa karibu. Alisema kitu kwa sauti ndogo, na kivuli kikubwa kikainua kichwa.

Kisha jua likasogea na jiwe likabaki jeupe. Bakuli lilirudishwa kwenye meza ya wahenga, likakaa pale mpaka tambi zikashikana. Jioni Dehai, ambaye hapendi chakula kitupwe, alizila.