Sentensi za Look After

Kitu cha kwanza alichokiona Lusia alipoingia chumbani ni begi lake. Lilikuwa limetolewa uvunguni mwa kitanda na kufutwa vumbi, na aliyelifuta si yeye.

Alirudi sebuleni kukunja nguo, akakunja shuka lile lile mara tatu.

Avni, mtoto wa nyumba hiyo, alikuwa mezani na daftari la Kiingereza. Alikuwa darasa la tano, darasa ambalo Lusia aliliacha kule Ilula alipochukuliwa kwenda kulea mtoto wa shangazi yake.

"Dada, sikiliza. Look after. Mwalimu anataka sentensi tano."

"Ndiyo nini hiyo?"

"Kutunza. Ukisema look peke yake unatazama tu, halafu unaenda zako. Ukisema look after, unabaki nacho. Mtoto, mgonjwa, hata duka."

"Na mbuzi?"

Avni akacheka. "Hata mbuzi! Dada nawe!"

Lusia akahesabu moyoni aliowatunza. Mtoto wa shangazi. Bibi mmoja wa Iyunga aliyepooza. Kisha nyumba hii ya Iringa, mwaka wa tatu sasa. Nyumba moja ikishamaliza shida yake, humwazima kwa ndugu au rafiki, kama sufuria kubwa ya shughuli.

"Ya tano hii hapa," Avni akasema, bila kuinua kichwa. "Lusia will look after uncle Jatin's baby. Lusia atamtunza mtoto wa mjomba Jatin."

Mkono wa Lusia ukasimama juu ya nguo.

Mama Avni akatokea jikoni akijifuta mikono. "Huyu mtoto hana siri! Nilitaka nikwambie jioni, Lusia. Wifi yangu kajifungua kule Mbeya, hana msaidizi. Utapanda basi la kesho asubuhi, begi nimeshakutolea. Wewe huna neno, nakujua."

Huna neno. Kila nyumba ilimsifia hivyo. Jumatatu darasa la jioni la watu wazima lilikuwa linaanza, na jina lake alikwisha kuliandikisha, kwa siri, kwa herufi kubwa zilizopinda.

"Mama," alisema. Sauti ilitoka ndogo mno, akaanza upya. "Mama, siendi. Nataka kusoma. Tangu darasa la tano natunza watoto wa watu na wagonjwa wa watu, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza kama nataka."