Safari ya Mama kwa Pikipiki

Mume wangu alichagua stendi ya kusimamishia pikipiki yake kwa makini kuliko alivyonichagua mimi. Ya kwanza aliikataa eti ina miguu myembamba, ya pili eti inayumba. Alipopata ile ya kuinua gurudumu la nyuma likaning'inia hewani, aliileta nyumbani ameikumbatia kama mtoto mchanga.

Asubuhi hiyo alitakiwa ampeleke mama yangu kwa dada. Lakini wapi! Kwanza mnyororo. Akaipandisha pikipiki kwenye stendi, akausugua mnyororo kwa mswaki wa zamani na mafuta ya taa, akaufuta, akautia oili huku akizungusha gurudumu kwa mkono na kupiga mluzi.

"Mama anasubiri," nikamwambia.

"Nyie hamjui raha ya mnyororo safi."

Hatimaye mama akapanda, akafumba macho kama kawaida yake, maana pikipiki anaiogopa kuliko kifo. Bwana mkubwa akawasha, akaingiza gia, akavuta mafuta. Stendi kaisahau! Gurudumu likazunguka hewani, pikipiki haikusogea hata kidogo, nayo oili ikaruka hadi kwenye mashuka yangu niliyoyaanika, meupe pe.

"Punguza mwendo, mwanangu, utatuua!" mama akapiga kelele, kamng'ang'ania kiunoni.

Nikaja mbio na shuka mkononi, nikamfokea mume wangu mpaka akazima injini. Mama akafumbua macho taratibu, akaniona.

"He! Na wewe umefikaje huku kabla yetu?"