Aonje Anayetoa

Mwaka tisini na saba Bi Eufrasia alilivuka ziwa kutoka Kongo na binti yake, amekalia ndoo aliyoifudikiza, akiwatania wavuvi kwamba mtumbwi wao unavuja kuliko bibi kizee. Hawajakaa sana kambini, jirani na kijiji cha Katonga, kipindupindu kikamrudishia utani wake. Akalazwa ndani ya hema, kamba ikafungwa mlangoni, na binti yake Yunisi akabaki nje ya kamba.

Muuguzi Dismasi, mwenyeji wa Simbo, akampa mgonjwa kikombe cha maji ya chumvi na sukari. Mama akafumba mdomo.

"Mama yako mbishi huyu!"

"Si ubishi, kaka. Hujaonja. Kwetu anayetoa huonja kwanza, mpokeaji aone hakuna sumu. Tumekimbia majirani tuliokula nao sahani moja, leo atamwamini mgeni?"

"Hii dawa, siyo pombe."

"Na kwenu Simbo ukiletewa pombe haijaonjwa, unainywa?"

Dismasi akacheka, maana jibu alilijua. "Siigusi, dada. Lakini humu ndani muuguzi haruhusiwi hata kulamba kidole. Bosi akiniona, kazi sina."

"Basi nipe mimi."

Akamletea kikombe kingine, kimechotwa kwenye ndoo ile ile ya dawa. Yunisi akakinyanyua mama aone, akanywa, akajilamba midomo kama mlevi wa harusi. Mama akainua kichwa kwa shida.

"Wewe sikuogopi, mwanangu. Aonje anayetoa."

Jua likapanda. Macho ya mama yakazidi kudidimia, kikombe kando yake kimejaa vile vile. Yunisi akabembeleza, akafoka, akamsuta kuwa ni mtoto mchanga. Dismasi alipita na kurudi, na kila akipita aliongeza mwendo. Alasiri wakamfunika mama kwa plastiki.

"Alikataa dawa mwenyewe," Dismasi akamwambia bosi wake, akitazama chini.

"Imani zao hizi!" bosi akasikitika, akaenda kunawa.

Jioni tumbo likamkata Yunisi, naye akavushwa kamba. Dismasi akamletea kikombe. Yunisi akakipokea, akamkodolea macho, akangoja. Dismasi akachungulia alipo bosi, kisha akainama kufunga kamba za viatu zilizokwishafungwa.

Kiu haijui mila. Yunisi akanywa mpaka tone la mwisho, akaomba kingine, wala hakuthubutu kukitazama kitanda cha mama.