Mpaka Injini Ipate Moto

Mjukuu wangu Allen huwa namwita mume wangu kwa utani, kama bibi wengine wanavyowaita wajukuu zao. Aliponunua lile gari jekundu la mbio, nikaliita mke mwenza. Nilicheka mwenyewe. Sikujua kwamba litanichukulia mume kweli.

Kabla ya gari, Allen alikuwa anakuja kwangu Pugu kila Jumapili baada ya misa, tunakula ndizi na maharage. Gari lilikuwa zuri tu, ila yeye alitaka liwe na nguvu zaidi. Alinieleza kwamba injini yake si kama nyingine: haina pistoni, ndani kuna kitu cha pembe tatu kinachozunguka. Akafunga tabo, kile kifaa cha kuisukumia injini hewa, injini ikaharibika, wakaifungua, wakaifunga upya. Ili ayamudu hayo yote, akaanza kwenda kazini hata Jumapili. Mie nikawa napika nusu sufuria, na hiyo nusu nayo inalala.

Ijumaa moja fundi akamaliza. Allen akaliegesha gari nje kwangu, akaniachia ufunguo.

"Jumapili nalifuata, Bibi. Nalipeleka Kigamboni, kuna watu wanapima nguvu za magari."

"Na kula?"

"Nitapita tu, Bibi. Wananisubiri."

Jumapili nikapika sufuria nzima hivyo hivyo.

Asubuhi hiyo likaja boza la maji, nalo gari la Allen limeziba njia. Nikampa ufunguo jirani yangu Marselino, dereva mstaafu wa malori, mtu asiyejua kusema hapana. Akaliwasha, akalisogeza kidogo mpaka kwenye kivuli cha ukuta, akalizima. Akalifuta na vumbi.

"Mke mwenzio ana sauti, mama!" akasema.

Allen alifika kwa bodaboda. Akaniamkia, akapokea ufunguo bila kukaa. Gari likakohoa, likagoma. Akajaribu tena na tena.

"Bibi, nani kaliwasha hili?"

Nikamweleza. Akashika kichwa.

"Akalizima hapo hapo? Bibi, injini hii ikiwa ya baridi huiwashi ukaizima papo hapo. Inameza petroli, plagi zinalowa. Lazima uiache ipate moto kwanza."

"Kumbe tuko sawa, mie na mke mwenzangu," nikasema. "Na mie kila ukija unaniwasha, unanizima kabla sijapata moto."

Nilikuwa natania. Allen hakucheka. Akakaa kwenye kizingiti, akatazama viatu vyake.

Marselino akaja kuomba radhi, kofia mkononi. Nikaogopa kijana atamjibu vibaya. Akainuka.

"Shikamoo, mzee. Ahsante kwa kunisogezea gari. Una spana?"

Wakazifungua plagi, wakazipanga pembeni mwa jiko langu la mkaa, sufuria ya ndizi ikiwa juu. Tukala watatu huku zikikauka. Simu ya Allen iliita, ikaita tena. Akaigeuza kifudifudi, akaomba aongezwe maharage.

Jioni gari likawaka kwa moshi na kishindo, kuku wakatawanyika. Marselino akaenda zake. Mie nikajua ndiyo safari. Lakini Allen aliliacha likinguruma, mlango wazi, akaja kukaa karibu yangu.

"Huendi?"

"Mpaka ipate moto, Bibi."

"Utajuaje?"

Akanionyesha sindano ya joto kwenye dashibodi. Tukakaa tunaitazama, bega kwa bega. Nikamwomba Mungu ipande polepole.

Ilipofika katikati akasimama.

"Jumapili ijayo?" nikauliza.

"Kazini, Bibi. Tabo bado sijamaliza kuilipia."

Akaniinamia, akaniamkia tena kana kwamba ndiyo kwanza anafika.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mume wangu."

Nililisikia gari likishuka kilima, likaingia lami, likapandisha sauti, kisha sikulisikia tena. Nikarudi ndani kuosha sahani tatu.