Cheni Iliyokataa Kupunguzwa

Ijumaa iliyopita, saa saba mchana, nesi Subilaga Mwakyoma alipitiwa na usingizi juu ya sanduku la chanjo, akaota habari za cheni.

Asubuhi hiyo alikuwa anapanda Lubanda kuchanja watoto thelathini na mmoja. Lubanda gari haifiki, ndiyo maana zahanati ilipewa ile pikipiki ndefu ya kupitia matope. Kwenye kona ya pili ya mlima cheni ikakatika. Akaikokota pikipiki kilomita tatu mpaka kwa fundi Ambonisye, akafika tope limemfika magotini.

Fundi akachuchumaa, akatazama, akatikisa kichwa. "Dada nesi, cheni imekufa, na sproketi, haya magurudumu inayozungukia, zimeisha meno, ya mbele na ya nyuma. Hivi vitu vinabadilishwa vyote kwa pamoja." Akaonyesha ukutani, cheni tatu zikining'inia kwenye misumari. "Wewe chagua. Mimi nakimbia msibani hapo jirani, wanazika sasa hivi. Nikirudi naifunga."

Alipoondoka tu, simu ikaita. Alikuwa Mama Tusekile wa Lubanda.

"Nesi, tumekaa hapa shuleni na watoto tangu saa tatu. Unakuja, au turudi mashambani?"

"Nakuja, mama. Msiondoke."

"Na mwezi uliopita ulisema hivyo hivyo."

Subilaga akachungulia sandukuni. Barafu ilikuwa ya kutosha mpaka jioni, basi. Akaketi juu ya sanduku, macho ukutani, na usingizi ukamchukua.

Cheni ya kwanza ikashuka kwenye msumari wake, ikavuta kigoda, ikaketi.

"Karibu kwenye usaili," akasema Subilaga. Alishangaa kidogo kujisikia akisema hivyo, kwa kuwa hakuwa ameandaa usaili wowote.

Cheni hiyo ilikuwa ya rangi ya dhahabu. Akaiuliza uzoefu wake.

"Nimeshiriki uzinduzi wa pikipiki kumi na nne," ikasema. "Utepe ukishakatwa, mimi ndiye ninayepigwa picha."

"Na matope?"

"Nimeyasoma kwenye taarifa."

"Ahsante. Tutakupigia."

Ya pili ilikuwa nyembamba na yenye heshima nyingi.

"Mlima unauweza?"

"Nauweza."

"Na kuvuka mto?"

"Nauweza."

"Je, kufungia mbuzi?"

"Hiyo ndiyo nitaiweza zaidi," ikasema, na kwa mara ya kwanza ilionekana kusema kweli.

Ya tatu ilikuwa nyeusi, nzito, haina maneno mengi. Kati ya kila bamba na bamba ilikuwa na kipete kidogo cha mpira. "Hivi vinanitunzia grisi ndani," ikasema. "Tope likija linabaki nje. Ila nina sharti moja. Sipandi juu ya meno yaliyochakaa."

"Kazi umepata," akasema Subilaga.

Mara wapo ofisini. Nyuma ya meza amekaa sproketi kuukuu wa gurudumu la nyuma, meno yamechongoka kama ya papa, na mbele yake kuna kibao cha jina kisicho na jina.

"Nina miaka tisa kazini," anasema sproketi. "Huku si kuchakaa. Ni uzoefu."

"Mzee, meno yako yote yamepindia upande mmoja."

"Huo ni msimamo."

Subilaga anachukua spana. Sproketi anajiona anafunguliwa nati moja baada ya nyingine, naye anaomba, kama hawezi kuendelea kuwa sproketi, basi awe mshauri wa sproketi mpya. Anaanza kushauri papo hapo. Anaviringika kutoka mlangoni akiwa bado anashauri.

Ofisi ikawa ukumbi. Cheni nyeusi ilikuwa imelala katikati ya sakafu, imenyooka, na Subilaga alikuwa anaihesabu pingili moja moja. Zilikuwa mia moja na ishirini. Pikipiki ilitaka mia moja na kumi na mbili.

"Pingili nane zitoke," akasema.

Kisha pingili moja ikasimama, ikasafisha koo. "Mimi ni Mratibu wa Mnyororo Baridi. Chanjo haiwezi kupanda mlima bila mimi."

"Mimi ni Mratibu wa Mnyororo wa Ugavi," ikasema nyingine.

"Mimi, Mnyororo wa Thamani."

"Mimi ninakaimu nafasi ya huyu hapa."

"Lakini huyo hapa yupo," akasema Subilaga.

"Ndiyo. Naye tunamkaimu akiwepo."

"Na wewe uliye mwisho?"

"Mimi nilialikwa."

Subilaga akafikiri. Akauliza, "Nani kati yenu amewahi kugusa jino la sproketi?" Pingili mia moja na kumi na mbili zikanyoosha mikono taratibu, mikono yote imejaa grisi. Nane hazikunyoosha. Zilikuwa zinang'aa.

"Tunapinga kukatwa!" zikasema kwa pamoja alipochukua kifaa cha kutolea pini.

"Hamkatwi. Mnatolewa pini."

Zikashauriana. Zikakubali, ila kwa masharti: ziruhusiwe kukaa kikao chao kwenye benchi, na maji ya kunywa yaletwe, kwa sababu bila maji kikao hakianzi.

"Kaeni pale benchini," akasema Subilaga. "Maji yatakuja."

Ikabaki klipu, kile kibati kidogo kinachounganisha ncha mbili za cheni. Kilitetemeka kiganjani mwake.

"Kichwa changu kilichofungwa lazima kitazame mbele," kikasema, "la sivyo nachomoka njiani. Sasa niambie, mbele ni wapi?"

Benchini kukazuka kelele. Mbele bado haijaainishwa! Mkakati wa miaka mitano umesema tunasonga mbele, lakini upande utatajwa kwenye kiambatisho, na kiambatisho kinaandaliwa!

Mpaka hapo Subilaga alikuwa mtulivu. Sasa akaligeuzia benchi mgongo. Akamwona Mama Tusekile kwenye baraza la shule, mtoto mapajani, akilitazama jua linavyokwenda.

"Mbele ni kule waliko watoto," akasema, akanyoosha kidole mlimani.

Klipu kikageuka. Tik. Kikafunga.

Akapitisha vidole vitatu chini ya cheni, kupima ulegevu.

"Hunibani?" ikauliza cheni.

"Hapana. Nikikubana sana utakatika, nikikulegeza sana utaruka. Vidole vitatu vinakutosha."

Cheni ikajinyoosha kidogo. "Hakuna aliyewahi kuniachia nafasi," ikasema.

"Dada nesi, amka. Tayari."

Fundi Ambonisye alikuwa amesimama mbele yake, udongo wa kaburini bado uko kwenye viatu. Kazi yote alikuwa ameshaimaliza. "Nimekufungia ile nyeusi, na sproketi mpya zote mbili," akasema. "Nimekukuta umeinyooshea kidole huku unakoroma. Nimetoa pingili nane, ilikuwa ndefu. Kesho pitia niikague, cheni mpya hulegea kidogo."

Saa tisa na robo Subilaga alikuwa Lubanda. Kina mama wote walikuwepo. Alichanja watoto thelathini na mmoja, wa mwisho akiwa mtoto wa Mama Tusekile, ambaye alimng'ata kidole. Mama mtu hakuomba radhi. Alimshika nesi mkono kwa mikono yake miwili, akasema tu, "Leo umekuja."

Jumamosi asubuhi akapitia kwa fundi kama walivyoagana. Akamkuta amesimama kando ya benchi, mikono kiunoni.

"Dada nesi, hebu nisaidie. Hizi pingili jana nilizitupa kwenye debe la vyuma chakavu, na debe nikalifunika. Sasa tazama."

Juu ya benchi pingili nane zilikuwa zimepangwa duara. Mbele ya kila moja kulikuwa na kizibo cha soda, na ndani ya kila kizibo, maji.

Fundi akanyoosha mkono kuzikusanya.

"Ziache, fundi," akasema Subilaga. "Hawajafunga kikao."