Tai wa Shemeji

Mimi huandika kuhusu gemu. Mtu akisikia hivyo huangalia mvi zangu, halafu huangalia chini, kama aliyeona zipu ya mwenzake iko wazi. Nimezoea. Nimekuwa mpishi wa kambi, mpaka rangi, mlinzi, mfunga mizigo, na mwaka mmoja mzima nilifuga kuku wa tajiri ambaye sikuwahi kumtia machoni. Shule niliisoma vipandevipande, darasa hapa, darasa kule, popote miguu iliponifikisha. Kwa hiyo nikisema naandika, sijigambi. Naandika kwa simu, kwa kidole kimoja, kwenye ukurasa ambao wasomaji wake wangetosha harusi ya mtu asiye na ndugu wengi.

Gemu nilizianzia kambini. Wajenzi wa barabara walikuwa na chumba cha mapumziko chenye televisheni na mashine ya kuchezea, na mchana mpishi ndiye pekee aliyebaki nyuma. Siku moja nikashika padi, kile kishikio cha mikono miwili chenye vijiti vya kusukuma kwa vidole gumba. Nikasema nicheze kidogo tu, maharage yakiiva niache. Maharage yaliungua. Watu walikula mkate mkavu, wakanitukana matusi ambayo baadhi yake nilikuwa siyajui.

Siku hizi magoti yamegoma. Nimekaa kwa mdogo wangu wa kike, mimi ambaye sikuwahi kukaa mahali hadi nikajua jina la mbwa wa jirani. Lakini kwenye gemu bado natembea. Napanda vilima, navuka mito, na nikifika najiuliza kuna nini ng'ambo ya pili.

Katika kuandika kwangu sitoi alama. Wengine hutoa saba, nane, kama walimu. Mimi nasema tu kama ningerudi au nisingerudi. Naangalia kama gemu inakuruhusu kusimama wakati wowote, maana kibofu cha mzee hakisubiri mtu amalize vita. Naangalia ukubwa wa maandishi. Naangalia kama inamcheka mtu mzito wa vidole. Mwisho kabisa hufungua ukurasa wa mipangilio na kuupitia mstari kwa mstari, kwa sababu hapo ndipo unapojua kama waliotengeneza walimfikiria mtu mwingine zaidi yao wenyewe.

Kuna msomaji mmoja ambaye kila nikiandika huuliza swali lile lile: "Mzee, juu na chini vinageuzika?" Maana yake, je, unaweza kuiambia padi kwamba ukivuta kijiti kwako ndiyo upande, na ukisukuma mbele ndiyo ushuke? Kwangu lilikuwa swali la mtu asiye na kazi. Mara moja nilimjibu, "Ndugu yangu, wewe ni popo?" Watu walicheka sana. Gemu iliyofuata, yeye akauliza tena.

Sasa, mdogo wangu ni fundi cherehani. Chumba cha mbele ndicho karakana yake: cherehani dirishani, meza ya kukatia, kiti cha mteja. Televisheni iko pembeni, kwa hiyo nikicheza nacheza mbele ya mabibi harusi. Mumewe, shemeji yangu, alikuwa opereta wa ekskaveta, ile mashine ya kuchimba yenye mkono mrefu na ndoo mbele. Aliiendesha mpaka mvi zikamkuta kitini. Kisha kiharusi kikamshika upande wa kushoto. Mguu umerudi kidogo, anatembea kwa fimbo. Mkono wa kulia haukuguswa. Maneno yanakuja, ila polepole, kama maji ya bomba siku ya mgao.

Meneja wa yadi yao hakumsahau. Alisema Jumamosi atakuja nyumbani kumwona. Akimkuta vizuri, shemeji atarudi kazini, si kuendesha bali kukaa kando ya wanafunzi na kuwaelekeza. Tangu Jumatano shemeji alikuwa akinyoa ndevu kila asubuhi, ndevu zenyewe hata hazijapata nafasi ya kuota.

Wiki hiyo nilikuwa na gemu ya tai. Huna kazi nyingine: unamwongoza tai kwa kijiti cha kulia katikati ya miamba mpaka kiotani. Kabla sijaandika, huwa nampa padi mtu ambaye hajawahi kuicheza nione macho ya mgeni. Ijumaa mchana nikaiweka pajani kwa shemeji.

"Mimi si mtoto," akasema.

"Ungekuwa mtoto ungeshashinda. Shika."

Akaweka kidole gumba kwenye kijiti. Tai akaruka vizuri, kushoto, kulia, bila taabu. Kisha mwamba wa kwanza ukaja.

"Panda, shemeji. Panda!"

Tai akaenda chini puu, manyoya yakatawanyika. Tukaanza upya.

"Juu, shemeji. Ukiona mwamba, juu."

Chini tena. Mara ya tatu ikawa bonde, nikamwambia ashuke, tai akapaa mawinguni. Jasho likaanza kumtoka kwenye paji la uso.

"Mashine hii," akasema, akatafuta neno. "Ya wajinga."

"Basi umepata ya saizi yako."

Siku nyingine hilo angenirudishia na riba. Sisi tumetaniana tangu siku alipokuja kuposa, nikamwambia wazazi wake walete na risiti, tusije tukataka kumrudisha. Lakini safari hii alikitazama kidole chake kama cha mtu mwingine. Nilipogeuka nikamwona mdogo wangu amesimama nyuma yetu, futi ya kupimia shingoni, pini mdomoni. Sikujua amesimama hapo tangu lini.

Baadaye akanifuata jikoni. Jiko na chumba cha mbele vimetengwa kwa mbao tu.

"Kaka, niambie ukweli. Unamwambia panda, anashuka. Unamwambia shuka, anapanda."

"Nimeona."

"Ndiye anayekwenda kuwafundisha watu juu na chini? Mtu yuko ndani ya shimo anafukua bomba, ndoo iko juu ya kichwa chake." Akatoa pini mdomoni. "Mimi ni mkewe, nataka arudi kazini, macho yangu siyaamini. Wewe ndiwe unayejua mambo haya ya vidole. Unasemaje?"

Ningeweza kusema sijui. Lakini mtu aliyezoea kutoa maoni juu ya kila kitu hana neno hilo karibu. Nikasema, "Mkono uko sawa. Kichwa kinasita."

Akaichomeka pini kwenye gauni lake. "Basi kesho nitampigia meneja asije. Bora aambiwe na mimi kuliko aaibishwe na mgeni nyumbani kwake."

Jumamosi asubuhi shemeji hakunyoa. Niliona, nikadhani wembe umekwisha.

Nikakaa kwenye kigoda changu kumalizia maoni juu ya ile gemu. Mdogo wangu alikuwa akimpimia mteja, mama mmoja mnene mcheshi anayetaka gauni lisiloonyesha kwamba ni mnene. Simu ilikuwa mezani kando ya mkasi. Shemeji alikuwa kitini kwake, fimbo katikati ya magoti, anatazama ukuta.

"Baba," yule mama akamwambia, mikono kaiinua apimwe kifua, "mkeo ananiambia uliendesha yale madude yenye mkono mrefu. Mimi nikiyaona nakimbia. Unajuaje kuuinua ule mkono usije ukaangusha nyumba ya mtu?"

Nilidhani hatajibu. Lakini mtu akiulizwa kazi yake ni vigumu kunyamaza. Aliisimamisha fimbo, akaishika juu kwa mkono wa kulia.

"Hivi," akasema. Akaivuta fimbo kuelekea tumboni. "Ukivuta kwako... mkono unapanda." Akaisukuma mbele. "Ukisukuma... unashuka."

"Hee! Mimi ningefanya kinyume."

"Wote," akasema shemeji. "Siku ya kwanza... wote hufanya kinyume."

Mimi wakati huo nilikuwa nimefika kwenye ukurasa wa mipangilio. Sauti, mwanga, ukubwa wa maandishi. Mstari wa nne, kwa lugha yao ya kigeni, maana yake: kugeuza juu na chini. Pembeni yake: hapana.

Nikaitazama fimbo. Nikautazama ule mstari.

Mdogo wangu alikuwa amemaliza kupima. Akachukua simu, akabonyeza.

"Mdogo wangu, weka simu."

"Kaka, tulishaongea. Usinizidishie."

"Dakika moja tu."

"Inaita tayari."

Nikabadilisha ule mstari, nikamwekea shemeji padi pajani. Akaisukuma kwa kiwiko.

"Niache."

"Mara ya mwisho. Ikishindikana unichape hiyo fimbo mbele ya mteja, sitakimbia. Magoti yenyewe unayajua. Lakini fanya kama uko kwenye mashine yako. Usinisikilize mimi. Uinue mkono wa mashine."

Aliyatazama magoti yangu, kisha akaweka kidole. Mwamba wa kwanza ukaja. Akavuta. Tai akapanda, akapita juu yake karibu kuukwangua kwa tumbo. Mwamba wa pili akapita. Bonde likaja, akasukuma, tai akateremka taratibu, akafuata mto. Mbele kulikuwa na tundu kwenye jabali ambalo mimi wiki nzima nilikuwa nalizunguka kwa woga. Shemeji hakulizunguka. Alishusha, akainua kidogo, akapitisha.

"Yesu wangu," akasema yule mama, mikono bado kaiinua ingawa hakuna aliyekuwa akimpima.

Simu ilikuwa ikisema, "Haloo? Haloo? Nani mwenzangu?"

Mdogo wangu alishtuka, akaiweka sikioni. "Meneja, shikamoo. Ni mimi, mke wa opereta wako. Nilikuwa nauliza tu... chai yako unatumia sukari?"

Tai alipotua kiotani, shemeji aliweka padi chini polepole. Akajigusa paji la uso.

"Nilidhani... kichwa kimekwenda," akasema. "Tangu jana. Mimi mwenyewe... niliamini."

Nilitaka kusema kitu, nikaona afadhali niwashe jiko. Alipoita, hakuniita mimi. Alimwomba mkewe wembe.

Meneja alikuja saa tisa, akanywa chai, sukari vijiko vitatu. Walizungumza mambo ya yadi, nani kaacha kazi, mashine ipi imekufa. Kisha meneja akashika kijiko cha chai kama kijiti cha ekskaveta, akajifanya mwanafunzi, akafanya makosa makusudi, na shemeji akamsahihisha kila moja, polepole, hakuruka hata moja. Ataanza Jumatatu, asubuhi tu.

Jioni nikayachapisha maoni yangu. Safari hii nilianza na kilichokuwa kikikaa mwisho: juu na chini vinageuzika, na asiyejua kwa nini mtu atake hivyo akamuulize aliyeshika mashine kwa mikono yake. Yule msomaji wangu akatokea, kwa mara ya kwanza bila swali. Nikamuuliza anafanya kazi gani. "Kreni," akaandika. Nikamwomba radhi kwa ile ya popo. Akasema mkewe humwita hivyo hadi leo.

Kilibaki kitu kimoja nilichotaka kuhakikisha: kama lile tundu la jabali lina kitu ndani. Nikaketi, nikashika padi. Mwamba wa kwanza ukaja, nikasukuma kijiti mbele nipande, kama nilivyofanya wiki nzima.

Tai akaenda chini puu. Manyoya yakatawanyika. Nikaanza upya, nikasukuma tena, chini tena.

Shemeji alikuwa kitini kwake, amenyoa, anang'aa kidevu. Alimgeukia mkewe. Alichukua muda wake, neno kwa neno, na hakuna aliyemkatiza.

"Mke wangu," akasema. "Huyu kaka yako... mkono uko sawa." Akapumzika. "Kichwa... kinasita."

Mdogo wangu aliikumbatia cherehani yake asianguke kwa kicheko.